Dakika Kumi na Tano

Kiwanda cha maziwa, Barabara ya Lusaka, saa saba usiku.
Nimemfunga Nzilani pampu kiunoni;
mrija umempanda mgongoni hadi kwenye ukosi,
ukatulia hapo, shubiri moja kutoka puani,
ukivuta anachovuta.

"Kinanguruma kama paka," anasema,
anapandisha buti za mpira, anafungua koki.

Ukungu mweupe. Matangi yanaoga.
Harufu ya siki, lakini siki iliyokasirika,
na msimamizi Gichohi mlangoni, leso puani:
"Ni siki tu, daktari. Hata achari ina siki."
Mimi si daktari.
Mimi ni mtu wa kuhesabu kisichoonekana,
na leso yake nimeiandika daftarini.

Dawa hii ina ustadi wa mwizi mzoefu:
huua vijidudu, kisha hujigeuza
maji, hewa, siki kidogo,
ukifika asubuhi sakafu inang'aa
na hakuna wa kushtakiwa.
Huwezi kuitia chupani uipeleke maabara.
Itakufia njiani.

Basi hatuikamati. Tunakamata ilichokiuma.
Ndani ya mrija nimepanga vyambo viwili:
cha kwanza huumwa na asidi peke yake,
peroksidi hukipita kama deni la jirani;
cha pili, nyuma yake, kinaingoja peroksidi.
Kila kilichoumwa hubaki na kovu,
na kovu, tofauti na mwizi, halitoroki.

Nikayabeba makovu hadi Ngara
katika boksi la barafu lililowahi kuuza aiskrimu,
bado lina picha ya pengwini anayecheka.
Stima ikapotea saa tatu.
Ikarudi saa sita. Tukaanza upya.

Mashine yenyewe haina maajabu:
kimiminika kinasukumwa kwa nguvu
ndani ya safu ya chuma, urefu wa kalamu,
iliyoshindiliwa unga mlaini kuliko poda,
na humo kila kitu hupewa mwendo wake,
kama mama wa Gikomba mbele ya robota lililofunguliwa:
hii huku, hii kule, bila kuinua kichwa.
Dakika ya nne, kilima.
Dakika ya saba, kingine.
Kati yao uwanda, kimya, wino ulionyooka.

Ripoti wanayoitaka ni ya wastani.
Saa nane za zamu zikorogwe sufuria moja:
saa za kuhesabu makreti,
nusu saa ya chai nje, chini ya taa yenye nondo,
na zile dakika kumi na tano za koki.
Zikishakorogwa, zote ni salama.
"Si nilikwambia?" Gichohi kwenye simu. "Siki."

Lakini kulikuwa na mrija wa pili,
ukosi wa kushoto. Niliuwasha alipofungua koki,
nikauzima alipoifunga.
Kilima chake kilitoboa juu ya karatasi,
nikazimua sampuli mara kumi
ndipo kikainama kikaingia.

Nimempelekea nakala Nzilani, getini, zamu ikibadilishana.
Ameishika kwa ncha za vidole, vidole vyeupe,
vimebabuka kama vilivyosahauliwa majini.
"Haya ni macho yangu?"
Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani.
"Nilisema mwezi wa tatu," anasema.
"Wakaniambia ninunue dawa ya matone."
Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani.

Halafu akauliza mashine ile ni shilingi ngapi.
Nikamtajia.
Alicheka, Mungu wangu, alicheka,
akaegemea geti, bawabu akageuka kutazama,
alicheka hadi machozi yakamtoka.

Au yalikuwa yale mengine.
Sikuwa na safu ya kuyatenganisha.